Mtoto Aliyelala Ameketi

Nilimkuta binti yangu amelala ameketi. Ilikuwa Sabato mchana, saa ambayo kwetu Magwagwa hata kuku hutembea polepole kwa sababu watu wametoka kanisani, wamekula, na wamejilaza. Mimi silali mchana. Nilikuwa nazunguka nyumba yangu nikiitazama, kitu ninachokipenda kuliko kulala, nikasukuma mlango wa chumba chake nifunge dirisha, maana mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kebirigo.

Kitanda nilichomchongeshea kilikuwa kitupu, shuka limenyooka kama la hoteli. Yeye alikuwa sakafuni kwenye kona, mgongo ukutani, mto huku na mto huku umembana mbavu, kidevu kimeinuka juu kama mtu anayenyolewa ndevu. Mdomo wazi. Anakoroma.

Kukoroma hakukunishtua. Sisi wote tunakoroma. Kilichonishtua ni pale aliponyamaza. Kifua kilikuwa kinavuta, nakiona kinavuta chini ya fulana, lakini hakuna kitu kilichokuwa kinaingia. Tumbo linapanda, shingo inakazana, na chumba kimya kabisa. Nilisimama nimeshika dirisha nisijue kama nilifunge au nilifungue. Halafu mwili wote ukaruka, akavuta hewa kwa kelele kama mtu aliyetolewa ndani ya maji, na akaendelea kukoroma bila kufumbua macho. Nikajiambia ni ndoto mbaya. Kabla sijamaliza kujiambia, akanyamaza tena.

Nikamtikisa. Alipofungua macho na kuniona, kitu cha kwanza alichofanya ni kukimbilia kitandani na kujivutia blanketi, haraka haraka, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wenyewe.

Nikamwuliza kwa nini halali kitandani.

"Tata, nikijilaza koo linafunga," akasema. Tata ndivyo sisi Wagusii tunavyomwita baba.

"Tangu lini?"

Akainua mabega. "Tangu zamani."

Mtoto wa miaka tisa. Ndani ya nyumba yangu.

Wacha niseme mimi ni nani, ndipo uelewe kwa nini neno hilo lilinipiga namna ile. Shule niliiacha darasa la sita. Nilianza kwa kubeba ndizi za watu wengine kwenye baiskeli isiyo na breki, kutoka mashambani hadi kando ya barabara, na kwenye mteremko nilikuwa naizuia kwa kisigino. Leo ukiona lori la ndizi limepakia kuanzia Nyamarambe mpaka huku kwetu, uliza ni la nani. Stoo yangu ya kuivishia ndizi ni kubwa kuliko kanisa ninalosali, na mchungaji mwenyewe amekiri hivyo. Wako vijana wenye digrii wanaoniita bosi, nami sijawahi kuwakataza. Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kwenye mlima wetu kuingiza maji ya bomba hadi jikoni. Sakafu yangu ni ya vigae. Kile kitanda cha binti yangu kilichongwa na fundi niliyemtoa Kisii mjini, kichwani kina maua na ndege, na kila mgeni aliyefika kwangu amekiona, atake asitake.

Huyo ni mtoto wetu wa pekee, na tulimpata tumeshachelewa. Watu walikuwa wamefika mahali pa kumwuliza mke wangu maswali kwenye ngazi za kanisa. Kwa hiyo alipozaliwa nilitembea Magwagwa nzima kama mtu aliyechaguliwa kuwa chifu.

Ila hakulala. Ukimbeba analala, ukimlaza anaamka kabla mgongo haujagusa godoro. Na akiamka analia, kilio cha kwenda mbele bila kituo, mpaka mbwa wa jirani anajibu.

Sasa, mtu ambaye hajaishi kwetu hawezi kuelewa kilio cha mtoto usiku. Nyumba zetu zimekaa kwenye mteremko, katikati ni migomba na majani chai, na sauti inavuka bonde kama imepigiwa kipaza. Asubuhi watu wanakutana kwenye kituo cha kuuzia majani chai, na mtu mmoja lazima aulize, jana kilio kilikuwa kwa nani? Kwetu mtoto akilia usiku watu wanaisikia njaa ndani ya kilio. Wanasikia jiko halina kitu, au mama ni mvivu, au baba amekunywa. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo kilio changu kilikuwa cha njaa kwelikweli, na jirani alikuwa anavuka bonde na viazi vitamu ndani ya kanga kuja kuninyamazisha. Jirani huyo bado anaishi. Bado anapenda kusimulia. Ndiyo maana niliapa kwamba kwenye nyumba yangu hakitatoka kilio cha kuvuka bonde, na nilimaanisha hivyo.

Mama yangu alikuwa na maoni yake. Kwake yeye shida ilikuwa jicho. Anaamini wako watu, hata watu wema, ambao wakimtazama mtoto mchanga macho yao yanamdhuru, ngozi yake bado ni laini. Akawa anampaka samli kichwa hadi kidole na kumficha wageni wakija. Mama alisema jicho, mimi nikasema njaa, mke wangu hakusema kitu kwa sababu alikuwa anasinzia akiwa amesimama. Kliniki walimwambia ampe maziwa ya mama peke yake. Tulikubali kwa kichwa, tukarudi nyumbani.

Nikaunda uji. Unga wa wimbi uliosagwa mara mbili, maziwa ya ng'ombe wetu mwenyewe, sukari, siagi ya kopo, na karanga zilizopondwa hadi zikawa kama poda. Meno yake yalikuwa hayajafikiria hata kutoka. Uji unakaa kwenye thamosi kando ya kitanda, moto, tayari. Mtoto akijisogeza tu, sisemi akilia, nasema akijisogeza, kikombe kiko mdomoni. Nilikuwa nafanya kazi hiyo kwa mkono wangu, na nitafutie mwanamume mwingine wa rika langu kwenye mlima huu aliyefanya hivyo.

Na mtoto akanyamaza. Akaanza kunenepa mpaka mikono ikawa na pingili kama muwa. Nilitangaza dawa yangu kila mahali. Wanaume walikuja kuniuliza vipimo, nami nikawapa bure, isipokuwa zile karanga, ambazo wengine sikuwatajia.

Kisha kuna ile mizani. Sisi wafanyabiashara wa ndizi tuna desturi yetu. Soko la mwisho kabla ya Krismasi, tukishamaliza kupakia, hatuishushi mizani pale inaponing'inia. Tunafunga gunia kwenye ndoano na kila mtu anamweka mtoto wake, tunapima. Mzito kuliko wote anapewa soda na mkate, na baba yake anainuliwa juu. Ni mchezo, lakini si mchezo pia. Watu waliolala njaa wakiwa wadogo hawana jibu tamu kuliko mtoto mzito. Mwaka wa kwanza binti yangu alishinda watoto waliokuwa wanatembea. Rafiki yangu wa tangu siku za baiskeli, ambaye tunafanya biashara pamoja na ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alimtazama pale anabembea akasema, "Huu si mkungu wa Nairobi. Huu ni wa kwenda Dubai." Tangu hapo akaitwa Dubai, na kila Desemba tulimrudisha kwenye ndoano, na kila Desemba niliinuliwa.

Desemba iliyotangulia Sabato ile, hakutaka kupanda. Nilidhani ni aibu ya wasichana. Tulimsaidia kupanda, akashika kamba kwa mikono yote miwili akifunga macho, na mshale ukaenda mahali ambapo hata mkungu haufiki. Watu wakapiga makofi. Rafiki yangu hakupiga. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mshushe. Anahema." Nikamwambia ni wivu unaomsumbua, kwa sababu watoto wake yeye ni kama maganda ya muwa. Akacheka, lakini alicheka kwa mdomo tu.

Na mwalimu wake aliwahi kunipigia simu kusema mtoto anasinzia darasani, hasa saa za asubuhi. Nikamjibu kwamba hata mimi nilisinzia darasa hilohilo, pengine tatizo ni darasa. Tulicheka sote wawili. Nilijiona mjanja.

Hayo yote yalikuwa yamekaa kichwani mwangu kila moja kivyake. Sabato ile, nikiwa nimeshika dirisha, yalikutana.

Nilimwita mke wangu sebuleni, na mama yangu, ambaye nyumba yake iko kando ya yangu. Nikawaeleza nilichokiona. Mama akasema hata mimi nilikoroma nikiwa mdogo, kukoroma ni afya, mtu mgonjwa analala kimya. Mke wangu alikuwa anatazama vigae.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua anaketi. Sikujua anakatika pumzi."

"Na hukuniambia."

"Alinikataza. Alisema kitanda ni cha bei, utasikitika."

Sijui niandike vipi nilivyojisikia. Nimepinduka na lori huko mlimani nikatoka kupitia dirishani, na sikushtuka vile. Mtoto wangu alikuwa anaketi sakafuni usiku kucha akitafuta hewa, na alichokuwa anaogopa ni mimi kusikia vibaya juu ya mbao za kitanda.

Kesho yake tulikuwa Kisii mjini mapema kabla kliniki haijafunguliwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa kuwa binti ya dada yangu. Nilitarajia aanze na mizani. Hakuanza nayo. Alimtazama koo kwa tochi, akamsikiliza kifua, akamwuliza mtoto mwenyewe anaamka vipi asubuhi. Binti yangu akajibu kwamba anaamka amechoka na kichwa kinauma. Hilo pia nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Halafu daktari akanigeukia.

"Mzee, alipokuwa mchanga alikuwa analala vipi?"

Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa ukali kidogo, kwamba nimemletea mtoto wa miaka tisa.

"Najua. Lakini alikuwa analala?"

"Hakuwa analala. Mimi ndimi niliyemlaza." Na hapo, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikampa hadithi nzima ya uji, pamoja na zile karanga. Nilidhani ataandika.

Aliweka kalamu chini. "Kila akijisogeza, mlimpa?"

"Kila akijisogeza."

"Kwa hiyo hakuwahi kuamka na kurudi usingizini mwenyewe."

Nikafikiri. Mke wangu akajibu kabla yangu. "Hapana. Hata siku moja."

Nikamwuliza daktari usingizi na kilo wanajuana wapi. Mimi nimekuwa nikijua chakula na kilo ni ndugu, lakini usingizi nilijua ni kitu cha macho. Akasema wanajuana sana. Akanieleza polepole, bila kunidharau, kwamba mtoto mchanga anapoamka-amka si kila mara ana njaa. Mara nyingine yuko kati ya usingizi na usingizi, na akifundishwa kwamba kila kuamka ni kula, mwili unaandika hivyo. Kwamba watoto wengine waliopata shida ya kulala wakiwa wachanga huja kuwa wazito baadaye, si wote, na hakuna mtu anayeweza kuniambia kwa hakika kwamba huyu wangu ni kwa sababu hiyo. Kwamba mtoto asiyelala vizuri anaamka na njaa isiyoshiba. Anakula, ananenepa. Akinenepa, shingo inabana njia ya hewa, na huyu tayari nyama za koo zilikuwa zimevimba. Njia ikibanwa, halali. Asipolala, njaa inarudi.

Nilimsikiliza mdomo wazi. Miaka yote hiyo nilidhani nilimtibu usingizi. Kumbe usingizi haukuwahi kuja. Kilichokuwa kimekuja ni kunyamaza.

Akatupa dawa ya kupuliza puani. Akasema chakula cha jioni kiwe mapema, na baada yake ni maji peke yake. Soda na chai ya sukari zitoke. Atembee kwenda shule badala ya kubebwa na gari langu. Alale saa ileile kila siku, kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo. Asifungwe njaa, awe anakula mboga na chakula cha kawaida, asipunguzwe kwa nguvu. "Likizo ya Desemba mnirudishie. Kama pumzi bado inakatika, nitawapeleka kwa daktari wa koo azitoe zile nyama."

Binti yangu alisikia neno hilo la mwisho tu. Tulipofika nje ya mji, akiwa katikati yetu kwenye pikapu, akaniuliza, "Tata, watanikata?"

Nikamwambia hapana.

"Umejuaje?"

Nimewaahidi wanunuzi ndizi ambazo zilikuwa bado ni maua. Siku hiyo niliendesha gari.

Nikapita stoo kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu nilitaka kusimama mahali ninapopaelewa. Kuivisha ndizi ni kazi yangu, na nitakueleza siri yake bure. Unazipanga, unazifunika kwa majani na magunia, unafunga mlango, unaondoka. Basi. Mfanyakazi mgeni kila mara atataka kufungua aone zimefika wapi. Anafungua asubuhi, anafungua mchana, na joto linatoka, na ndizi inaiva upande mmoja huku upande mwingine ni mbao. Nimefukuza watu wazima kwa kufungua stoo. Nilisimama pale kwenye giza na harufu ile tamu, nikashika mlango, nikauona mkono wangu na kile kikombe kila mtoto alipojisogeza. Sisemi uji ni sumu, daktari mwenyewe hakusema hivyo. Nasema tu nilichokiona mlangoni pale.

Kazi ikaanza, na kazi nzito haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya masikio.

Wiki za kwanza aliamka usiku akitaka chakula, kama alivyozoea maisha yake yote, na aliponyimwa akalia. Mtoto wa miaka tisa mwenye mapafu ya miaka tisa. Mke wangu anakaa naye, anampa maji, anamsugua mgongo, na mimi niko sebuleni nimeshika viti. Nilikuwa naona kilio kikitoka dirishani, kinashuka kwenye migomba, kinavuka mto, kinapanda ng'ambo, kinaingia nyumba kwa nyumba.

Asubuhi kwenye kituo cha majani chai walikuwa wananingoja. Rafiki yangu ndiye aliyetumwa, nadhani.

"Omogaka," akasema, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, "jana kwako kulikuwa na kilio."

"Kulikuwa."

"Kuna njaa?"

"Kuna njaa," nikamwambia, "na chakula kipo."

Walitazamana. Hapo ndipo nilipojua mtu anaweza kuanguka haraka namna gani. Kabla mwezi haujaisha ikasemwa kwamba lori zangu zimeuzwa. Kanisani wanawake walimwuliza mke wangu, kwa huruma, kama tunahitaji kuombewa. Wakaona mtoto anatembea kwa miguu kwenda shule, wakasema hata mafuta ya gari yamekwisha. Yule jirani wa viazi vitamu, mzee kabisa sasa, alivuka bonde na mfuko. Ndiyo, viazi. Alinipa mkononi, akanipigapiga bega, akaenda zake. Nilibaki nimesimama na viazi vile kama mtu aliyepigwa na radi. Miaka arobaini ya kujijenga, na mfuko ni uleule. Hata hivyo mke wangu alivichemsha, tukavila mchana, maana daktari alisema viazi ni vizuri kuliko mkate.

Mama ndiye aliyenipa taabu kubwa zaidi. Alianza kumwita mtoto kwake ati amsaidie kuchambua mboga, na mtoto anarudi mdomo unang'aa siagi. Tukamkataza mtoto. Basi jioni moja, tumemaliza kula na giza linaanza kuingia, mama akaja mwenyewe. Mkononi alikuwa na ile thamosi. Ileile. Aliihifadhi miaka yote.

Nikasimama mlangoni. Sijawahi kumzuia mama mlango.

"Unamnyima mtoto chakula," akasema.

"Mama, ni daktari."

"Daktari ndiye aliyekunyonyesha?"

"Anayelala ameketi ni mtoto, si mimi."

"Kulala ameketi kuna ubaya gani? Mimi nimezeeka, na ninalala nimeketi kanisani kila Sabato."

Mke wangu akageuka asionekane anacheka. Mama akishaanza mizaha huwezi kumshinda. Ndipo binti yangu akatoka chumbani, tayari amevaa nguo za kulala. Alikuja akasimama chini ya mkono wangu, akaitazama thamosi, na niliona koo lake likimeza mate.

"Magokoro," akamwambia bibi yake, "sitaki. Nataka nilale nimejinyoosha."

"Hata kikombe?"

"Nikinywa sitaweza kujilaza. Nitakatwa."

Mama akaingia, akakaa kwenye kochi langu la ngozi, akafungua kifuniko, akajimiminia uji, akaunywa wote pole pole mbele yetu. Alipomaliza akasema sukari imekuwa kidogo. Akaenda kwake. Hakurudi na thamosi tena, na kumbuka huyo ni mwanamke ambaye hajawahi kushindwa na mtu.

Miezi ikaenda hivyo. Sitakudanganya kwamba mtoto alikuwa kama fimbo. Alipanda kimo, uso ukatoa mifupa kidogo. Kutembea kulimpa rafiki wa njiani, na rafiki akampa kamba ya kuruka. Mimi kila Sabato mchana nilivuta kiti nje ya mlango wake nikawa nasikiliza. Sikuwa nasikiliza kukoroma. Nilikuwa nasikiliza kile kimya. Kikija, vidole vyangu vinakaza kwenye kiti mpaka hewa irudi. Kikawa kinakuja mara chache zaidi. Mara nyingine hakikuja, nami nikabaki nimekaza vidole bure.

Soko la mwisho kabla ya Krismasi, rafiki yangu alinipigia simu kusema gunia limefungwa, watu wanamngoja Dubai. Nikamwuliza binti yangu. Akasema hataki. Nikaenda peke yangu, na mtoto wa mtu mwingine akabembea, na baba mwingine akainuliwa juu, kijana aliyeanza biashara jana. Niliwapigia makofi. Mtu akanong'ona nyuma yangu kwamba kweli jamaa amefilisika. Nilitaka kugeuka nimwonyeshe funguo za lori. Niliziacha mfukoni, na hiyo kwangu ni kazi kubwa kuliko kujenga nyumba.

Siku chache baadaye daktari alimtazama koo, akamsikiliza, akamwuliza maswali, akatuuliza na sisi tuliyoyasikia usiku. Akasema nyama za koo zimetulia. Hazijaisha, zimetulia. Akasema kwa sasa hakuna kukata, tuendelee hivyohivyo, tumrudishe Aprili. Binti yangu akamwuliza arudie. Daktari akarudia. Mimi nikatoka nje kwenye korido nikasimama nikitazama ukuta, na mtu aliyekuwa anapiga deki akaniuliza kama nimefiwa.

Sabato iliyofuata mvua ilinyesha tena kutoka upande uleule wa Kebirigo. Watu walikuwa wamesikia habari, wakaja baada ya chakula kutoa shukrani pamoja nasi: rafiki yangu, mke wake, yule mzee wa viazi chini ya mwavuli, na mama akiwaongoza. Nilikuwa kwenye kiti changu. Ndani, binti yangu alikuwa amelala kitandani, kwa ubavu, chini ya wale ndege na maua, mkono mmoja umening'inia nje. Alikuwa akivuta hewa na kuitoa, kuvuta na kutoa, kitu cha kawaida kabisa ambacho sijawahi kukiona kizuri hivyo.

Niliwafuata mlangoni kabla hawajabisha, nikatoka nje na kuufunga nyuma yangu. Tukabanana sote chini ya paa la veranda, maji yanaturukia miguuni. Rafiki yangu akataka kuniita kwa sauti yake ya sokoni. Nikaweka kidole mdomoni.

Akaogopa. "Kuna mgonjwa?" akanong'ona.

"Mtoto amelala."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akasema wamekuja kumwona, watamwangalia kidogo tu kutoka mlangoni. Nikakataa. Mimi, niliyemwonyesha mtoto huyo kwa soko zima akiwa ndani ya gunia, nikakataa. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa, akawaambia wenzake kwamba ni vizuri, macho ya watu yasimfikie, alisema hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyemsikiliza. Nikamwachia ushindi huo.

Tukasimama pale tukinong'ona, watu wazima wenye sauti kubwa kuliko zote Magwagwa, mpaka mvua ikapungua. Nikawanong'oneza kwamba kwenye mlima wetu wote, kuanzia kwangu hadi mtoni na kupanda ng'ambo, hakuna mtoto anayejua kulala kama wangu. Waliokuwa na shaka niliwaambia wanyamaze wasikilize.

Wakasikiliza. Hakukuwa na kilio wala mkoromo wa kusikia.